Umeandikia wazungu esei ngapi? Sasa andika yako

Wacha nianze kwa kukiri. Miaka miwili nikiwa chuo nililipa keja kwa kuandikia watu esei. Mnaijua hii kazi, msijifanye. Akaunti ni ya kukodisha, mwenyewe anakata yake, wewe unakesha na laptopu na chai ya rangi, halafu asubuhi mwanafunzi fulani ng'ambo anapeleka kazi yako kwa mwalimu ikiwa na jina lake.

Usiku mmoja ikaingia oda: maneno 2,500 kuhusu wakimbizi wa kambi ya Kakuma, ifike kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Nikaiingia. Nikaeleza kambi ilianza 1992, nikataja vita vya Sudan na Somalia, nikamwaga marejeleo kumi na tano. Saa tisa usiku ndio nikashtuka. Jamaa niliyekaa naye dawati moja sekondari alizaliwa Kakuma. Namba yake iko kwa simu yangu. Sikumpigia. Nilikuwa natoa Kakuma kwa makala za watu wa Ulaya na Marekani, ndio nimuuzie mtu ambaye hajawahi kukanyaga Turkana.

Na Wakenya walikuwa wapi kwa hizo makala? Wengi niliwapata kwa aya ya shukrani, wakishukuriwa kwa kutafsiri na kumzungusha mtafiti.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama una akili ya kumwandikia mtu wa nje esei ya uhamiaji, una akili ya kuandika makala yako na kuituma kwa jarida la kitaaluma. Kwa jina lako.

Uhamiaji ni stori yetu. Dadaab imekuwa hapa tangu 1991. Eastleigh ni mathree moja tu kutoka tao. Kila ploti iko na mtu aliyeenda Saudia, Qatar ama Dubai, na mwingine anafuatilia pasipoti. Chuo Kikuu cha Oxford kilianzisha programu ya masomo ya wakimbizi 1982, na Journal of Refugee Studies ikaanza 1988. Yaani kuna watu wamekuwa wakisoma haya mambo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Si vibaya. Kibaya ni sisi kunyamaza kama hatupo.

Sasa stori yangu. Projekti yangu ya mwaka wa nne ilikuwa kuhusu wanawake wa mtaani kwetu waliorudi kutoka Saudia: walipokelewa aje nyumbani, na pesa waliyokuwa wanatuma ilienda wapi. Nilizungumza na kumi na wawili. Nilipomaliza chuo nikachukua projekti nzima, kurasa 60, nikaituma kwa jarida moja kubwa. Jibu lilikuja baada ya siku nne. Imekataliwa. Haikufika hata kwa wahakiki.

Nilikasirika, nikasema hawa wanatubagua. Halafu nikasoma maagizo yao kwa waandishi, kitu ningefanya mwanzo. Walitaka maneno yasiyozidi 8,000. Yangu yalikuwa 16,000. Walitaka faili isiyo na jina langu, kwa sababu wahakiki hawafai kujua ni nani ameandika. Mimi niliweka jina, namba ya usajili, na nikamshukuru mathe. Walitaka hoja moja. Mimi niliwapa sura tano, ya kwanza ikieleza maana ya uhamiaji. Mhariri wa jarida la uhamiaji, jamani, namfafanulia uhamiaji ni nini.

Sasa sikiza, ndio usipitie hayo.

Chagua jarida kabla ya kuandika. Soma makala tatu nne walizotoa karibuni, uone wanabishana kuhusu nini. Ukikosa kuingia kwa huo mjadala, makala yako ni ripoti tu. Si lazima uanze na yale makubwa. African Human Mobility Review, ambalo lina mizizi Cape Town, linahusu Afrika na linasomwa bure. Forced Migration Review hutoa makala fupi ambazo mfanyakazi wa kambini anaweza kusoma akaelewa.

Kata. Projekti yako iko na makala moja ndani, pengine mbili. Itafute, hizo zingine ziache. Yangu ilikuwa kitu kimoja: hawa wanawake walipokuwa mbali walikuwa na sauti nyumbani kwa sababu wanatuma pesa, na waliporudi ile sauti ikapotea. Basi. Nikishindwa kusema hoja yangu kwa sentensi mbili, najua bado sina hoja.

Linda maneno ya watu. Mama mmoja aliniambia njaa ndiyo ilimtuma Saudia. Kwa projekti nikaandika "sababu za kiuchumi". Lekcha wangu wa zamani aliposoma akaniuliza, "Huyu mama ameenda wapi?" Aliniumiza, lakini alikuwa sawa. Majarida mengi ya huu uwanja ni ya Kiingereza, na hapo ndipo sisi tuna nguvu: tumesikia yale maneno kwa lugha yaliyosemwa. Tafsiri, lakini usiyafue mpaka yapoteze rangi.

Vibali. Hapa Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili kabla ya kuhoji watu, na mhariri anaweza kukuuliza. Hii haitafutwi baadaye. Kwa uhamiaji si karatasi tu. Ukiandika jina la mtu asiye na stakabadhi, ama ukieleza ploti yake mpaka ajulikane, umemweka hatarini kwa sababu ya CV yako.

Tuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Ukituma kwa matatu pamoja, wakijua umejichoma. Wahakiki wakirudisha maoni, lia siku moja, kisha jibu kila hoja, moja baada ya nyingine, kwa heshima. Usipokubaliana nao, eleza kwa nini.

Na matapeli wapo. Wiki chache baada ya kukataliwa nilipata barua pepe tamu sana: "mtafiti mashuhuri", makala yako itatoka kwa siku tano, lipa tu dola 150. Mimi mashuhuri? Hata nyumba ya tatu hawanijui. Karibu nitume. Kilichoniokoa ni kuangalia hilo jarida limechapisha nini: toleo moja lilikuwa na uhamiaji, ufugaji wa samaki na magonjwa ya meno. Kwa hivyo angalia wahariri ni kina nani na wako wapi. Kama jarida linasema linasomwa bure, litafute kwa orodha ya DOAJ. Mjue pia kwamba kulipa si ushahidi wa utapeli. Yako majarida halali yanayotoza hata maelfu ya dola ndio makala isomwe bure, na mengi hupunguza ama kufuta ada kwa watu wa nchi zenye kipato cha chini. Uliza kabla ya kutuma.

Najua swali lenu: hiyo makala italipa keja? Hapana. Jarida halikulipi hata bob. Esei ya mzungu inalipa wiki hii, makala inaweza kuchukua mwaka na ikataliwe. Sitawaambia muache hasla, landlordi wangu pia hasomi majarida. Nasema tenga usiku mmoja kwa wiki uwe wako. Ile esei ya Kakuma nilishalipwa na nikaila, na hakuna mahali popote ninapoweza kuionyesha. Siwezi kuomba nayo skolashipu. Siwezi hata kuirekebisha, na ilikuwa na makosa.

Na kama unafanya kazi ya usaidizi kwa mtafiti, kuhoji watu, kutafsiri, uliza mapema, kabla hujaanza: jina langu litakaa wapi? Ukishiriki kuunda hoja na kuandika, nafasi yako ni juu pamoja na waandishi, si kule chini kwa shukrani. Usingoje itoke ndio ulalamike kwa status.

Makala yangu bado haijatoka. Jarida la pili, dogo kuliko lile la kwanza, limenirudishia na kurasa nne za maoni na kuniambia nirekebishe. Mhakiki mmoja ameuliza kwa nini sikuzungumza na waume na watoto wao. Ni swali zuri, na linaniuma kwa sababu nyumba zenyewe zilikuwa hatua mia mbili kutoka kwetu. Jumamosi narudi kuzigonga, nikianza na kufuatilia idhini yangu, maana ile ya kwanza haikutaja familia.

Yule jamaa wa Kakuma nilimpigia hatimaye. Alicheka, akasema hakuna mtu amewahi kumuuliza. Halafu akasema yeye pia ana projekti imelala kwa flashi.

Yako imelala wapi?