Baiskeli, Singo na Maneno ya Watu



Dada mmoja wa Mwanga, Kigoma, ametuandikia. Ameposwa, harusi inakaribia, na kila siakipata nafasi hutoka na baiskeli baada ya sala ya Alfajiri kupanda milima ya Mwandiga kuelekea Manyovu. Anajiandaa kwa mashindano ya baiskeli za milimani, yale ya siku kadhaa mfululizo, kila siku na kipande chake cha njia. Sasa upande wa mume umempelekea shangazi yake ujumbe: baiskeli aiache, "isije ikamharibu". Neno hilo sote tunajua linakusudia nini.

Basi tulizungumze, maana kwetu visiwani nako linasemwa. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitamka wazi kwamba hakuna uchunguzi wa mwili unaoweza kuthibitisha kama mwanamke amewahi kuingiliwa au la. Siti ya baiskeli haiondoi heshima ya mtu, na shuka la usiku wa harusi si shahidi. Mashahidi tunawajua: anayemsingizia mwanamke aliyejihifadhi, akashindwa kuleta wanne, Suratun Nur imemwekea viboko 80. Hili makungwi wetu hawalitaji sana, sijui kwa nini wanaona haya.

Wanaosema mashindano si ya mwanamke wa Kiislamu wakumbushwe kuwa Bi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, akamshinda. Safari nyingine, mwili umeongezeka, akashindwa yeye. Imo katika Sunan Abu Daud.

Mashindano yenyewe si mchezo. Cape Epic ya Afrika Kusini, iliyoanza 2004, ni siku 8 na zaidi ya kilomita 600 za milima na mawe. Wanakwenda wawili wawili, na hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika mbili. Mmoja akipata pancha, wote wanasimama. Mwaka 2023 wanawake walioshinda walikuwa Vera Looser wa Namibia na Kimberley Le Court wa Mauritius, mtu wa kisiwani kama sisi. Mwaka 2025 huyo Le Court akavaa jezi ya njano katika Tour de France ya wanawake.

Tuje kwenye nguo. Baibui juu ya baiskeli ni hatari, dada, linaingia kwenye mnyororo. Suruali pana iliyobanwa vifundoni, shati refu la kufika magotini, mtandio mwepesi uliobana chini ya kofia ngumu, stara imetimia.

Na singo? Tunaipenda, na liwa tunaipenda zaidi. Lakini kumweka ndani bi harusi miezi, asipigwe jua, huku amejisajili kwa mashindano, ni kumpotezea kazi yote aliyoifanya. Miguu husahau upesi. Wiki chache tu bila mazoezi, mlima wa jana unakuwa mwingine. Wiki moja ya mwisho inatosha. Rangi ya jua haijamzuia mtu kuolewa.

Wasiwasi mmoja tunaukubali. Barabara ile ina malori, na kuna vipande visivyo na watu alfajiri. Asiende peke yake.

Ushauri wetu ulikuwa amwambie mchumba mwenyewe, si kwa mdomo wa shangazi, na kabla ya mahari kupokewa: nataka kuendelea na baiskeli baada ya ndoa, unakubali au hukubali? Kama ni sharti, liandikwe mbele ya walii.

Juzi katujibu. Mchumba kauliza kitu kimoja tu, nani atakuwa mwenzake njiani. Mdogo wake wa kike ameshaanza kujifunza kubadili gia. Shangazi bado amenuna.