UCHAMBUZI: Tusimtwike mtoto mnene lawama zote, bakteria wa tumbo nao wana usemi

KWA miaka mingi mtoto mnene amebebeshwa lawama mbili: kwamba ni mlafi na kwamba ni mvivu. Shuleni wenzake humpachika majina ya dhihaka, na nyumbani huhesabiwa kila kipande cha mkate anachokula.

Hata hivyo, utafiti wa miongo miwili iliyopita umebainisha kwamba mtoto huyo hali peke yake. Ndani ya utumbo wake mnaishi matrilioni ya bakteria wanaomsaidia kusaga chakula ambacho mwili wenyewe haukiwezi, na kuamua kwa kiasi fulani ni nguvu ngapi zitakazotolewa katika mlo huo.

Mnamo 2004, kikundi cha Profesa Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, kiliwachukua panya waliolelewa bila bakteria wowote na kuwatia wale wa panya wa kawaida. Katika muda wa wiki mbili, mafuta mwilini mwao yaliongezeka kwa takriban asilimia 60, ingawa walikula kidogo kuliko awali.

Mnamo 2013, kikundi hicho kilichukua bakteria kutoka kwa pacha ambao mmoja alikuwa mnene na mwenziwe mwembamba. Panya waliopewa bakteria wa pacha mnene walinenepa kuwashinda wale wengine. Walipowekwa tundu moja, bakteria wa wembamba waliwahamia wanene na kuwakinga, lakini kwa sharti moja: chakula kiwe na matunda na mboga kwa wingi na mafuta kidogo. Palipokuwa na lishe mbovu, kinga hiyo haikuonekana.

Sharti hilo ndilo kiini cha suala hili. Wapo wafanyabiashara ambao tayari wanauza vidonge na maziwa ya unga kwa ahadi kwamba bakteria waliomo watapunguza unene. Mzazi anapaswa kujihadhari nao. Huko New Zealand, vijana 87 wanene walishirikishwa katika jaribio ambapo baadhi yao walipewa bakteria wa watu wembamba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yalionyesha kuwa uzito wao haukupungua kuliko wa wenzao waliopewa dawa bandia.

Ikiwa ni vigumu kuwabadilisha bakteria hao ujanani, basi yafaa tutazame wanakotoka. Mtoto huanza kuwapokea kwa mamaye wakati wa kuzaliwa. Kisha huja maziwa ya mama, ambayo yana aina ya sukari isiyoweza kusagwa na tumbo la mtoto. Sukari hiyo ni chakula cha bakteria wema. Kwa maneno mengine, mama hunyonyesha mtoto pamoja na wageni wake.

Jambo la pili ni dawa. Wafugaji wa Marekani waligundua zamani kwamba kuku na nguruwe wakipewa antibiotiki kidogo kidogo hunenepa upesi. Mnamo 2014, watafiti wakiongozwa na Profesa Martin Blaser wa New York walionyesha kuwa panya waliopewa penisilini wangali wachanga walinenepa hata baada ya dawa kusimamishwa. Binadamu si panya, na mtoto mwenye nimonia hana budi kutibiwa. Lakini mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na antibiotiki haziviui. Mzazi anayezinunua dukani bila cheti cha daktari kila mtoto anapokohoa anaharibu pasipo kutibu.

La tatu ni chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010 uliwalinganisha watoto wa kijiji cha Boulpon, Burkina Faso, na wa Florence, Italia. Wale wa Boulpon, waliokula mtama, kunde na mboga, walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, hodari wa kusaga nyuzinyuzi. Wale wa Florence, waliolelewa kwa nyama, sukari na unga uliokobolewa, walikuwa wamewapoteza wengi wao.

Hapa ndipo Kenya inapopaswa kutega sikio. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 3 pekee ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano ni wazito kupita kiasi, ilhali asilimia 18 wamedumaa. Lakini mnamo Septemba 2025, UNICEF ilitangaza kuwa duniani, watoto wa umri wa kwenda shule wenye unene wa kupindukia wamewapiku kwa mara ya kwanza wale wenye uzito mdogo. Afrika kusini mwa Sahara haijafika huko. Tunayo nafasi ambayo wengine waliipoteza.

Nafasi hiyo haitalindwa kwa mahubiri kwa akina mama. Wataalamu wanashauri mtoto anyonyeshwe pekee kwa miezi sita, ilhali sheria ya ajira inampa mama likizo ya miezi mitatu. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea, lakini mama anayeuza mboga sokoni hana mwajiri wa kumdai chumba hicho. Serikali za kaunti, ambazo humtoza ushuru kila siku, zinaweza kumjengea.

Aidha, wizara za afya na elimu zinapaswa kudhibiti soda na vibanzi vinavyouzwa langoni mwa shule, na kurejesha githeri, wimbi na mboga za kienyeji kwenye sahani ya mwanafunzi bila kuzifanya zionekane chakula cha maskini.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto hakuchagua bakteria wake, maziwa yake, dawa zake wala kilicho langoni mwa shule yake. Sisi watu wazima ndio tuliochagua.