Acheni Kupanua Uwanja, Pangeni Saa

Juma lililopita nilikuwa ndani ya daladala, na redio ya dereva ilikuwa kwenye mjadala wa mipango miji. Mgeni aliyetambulishwa kuwa mtaalamu wa kubuni maeneo ya burudani aliulizwa kwa nini kila sikukuu bustani za michezo ya watoto zinageuka mahali pa kusukumana. Akajibu bila kufikiri mara mbili: viwanja ni vidogo. Akaongeza kwamba Disney kule Florida walikuwa na shida hiyohiyo, wakaupanua uwanja wao wa kati, na mambo yakaisha. Mtangazaji akashukuru. Abiria waliokuwa karibu nami wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikashuka kituoni nimefura kwa hasira.

Imani hii kwamba dawa ya msongamano ni nafasi imetukaa vichwani hadi hakuna anayeihoji. Ukumbi wa harusi ukijaa, utafutwe mkubwa zaidi. Barabara ikijaa, ziongezwe njia. Soko likijaa, vibanda vibomolewe. Naikataa. Watu husongamana kwa sababu wameitwa wote, mahali pamoja, kwa wakati mmoja, na njia ya kutokea ni moja. Swali la kwanza kwa yeyote anayelalamikia umati ni hili: nani kawaita, na kawaita saa ngapi?

Tuuchukue huo mfano wa Florida, maana ulitolewa nusu. Bustani ya Disney iitwayo Magic Kingdom ilifunguliwa Oktoba 1971, ikifuata ramani ya Disneyland ya California ya mwaka 1955. Mgeni anaingia kwa lango moja, anapita mtaa mmoja wenye maduka pande zote mbili, anafika kwenye uwanja wa duara ulio mbele ya kasri, na kutoka pale njia zinatawanyika kwenda kila upande wa bustani. Ulikuwa ubunifu wa watu wenye akili. Uwanja ule ulikuwa njia panda: unafika, unaangalia huku na huku, unachagua pa kwenda, unaondoka.

Kisha mambo yakarundikwa palepale. Mwaka 1995 ikawekwa sanamu ya Walt Disney akiwa amemshika mkono Mickey, na kila familia inataka kupiga picha nayo. Maonyesho ya jukwaani yakawa mbele ya kasri. Msafara wa mchana wa wahusika wa hadithi unapita hapo. Fataki za usiku zinatazamwa hapo. Njia panda ikageuzwa ukumbi, halafu watu wakashangaa kwa nini haipitiki.

Kati ya 2014 na 2015 kampuni iliufumua uwanja wote. Bustani ya waridi ikaondolewa. Miti ikakatwa. Mfereji wa maji ukakaushwa na kingo zake zikasogezwa ili ardhi iongezeke, na yakatandikwa majani ya bandia ambayo watu wanaruhusiwa kuyakanyaga na kuyakalia. Uwanja ulipanuka, hilo sibishi. Ila Mei 2017 likaja onyesho jipya la usiku, Happily Ever After, ambalo picha zake zinarushwa kwenye kuta za kasri lenyewe. Fataki mtu anaweza kuziona akiwa mbali, hata akiwa nje ya bustani. Picha iliyo ukutani inakulazimu usimame mbele ya ukuta. Kwa hiyo mahali paliongezwa, na sababu ya kujazana pale ikaongezwa pia, na waliofanya yote mawili ni walewale.

Nafasi iliyopatikana nayo haikuachiwa watu wote. Sehemu ya uwanja huo mpya hutengwa usiku kwa waliolipia karamu ya vitamutamu, watazame fataki bila kubanwa. Aliyelipa tiketi ya kawaida anabaki amesimama nyuma ya kamba, mtoto begani, akiiangalia nafasi iliyotengenezwa kwa jina lake. Wakadiriaji wa biashara hii, TEA na AECOM, waliiwekea Magic Kingdom wageni wapatao milioni 18 na nusu mwaka 2013. Mwaka 2019 walikaribia milioni 21. Ukinunua sufuria kubwa na mchele ukauongeza, wali utafurika kama zamani.

Kilichosaidia pale, na mgeni wa redioni hakukitaja, ni kichochoro cha nyuma ya maduka ya mtaa ule wa kuingilia. Zamani kilikuwa cha wafanyakazi peke yao. Sasa hufunguliwa fataki zikiisha, ili maelfu wanaorudi nyumbani wasitoke wote kwa mtaa mmoja. Kwangu mimi kichochoro hicho kimefanya kazi kuliko majani yote ya bandia.

Wapo watakaonijibu kwamba uwanja mpana unapendeza kwenye picha. Hoja hii nimeisikia kutoka kwa watu wazima, wenye shahada, wakiisema mbele ya wenzao bila haya. Picha ipi hiyo? Ni mchoro wa kompyuta wenye familia tatu, puto moja na vivuli vya miti ambayo haijapandwa. Nani amewahi kuchora mchoro wa Idi mosi, saa kumi jioni? Wanaotuuzia viwanja hivi wanatuuzia picha ya siku ambayo hakuna mtu aliyekuja, na sisi tunapiga makofi.

Idi mosi naijua. Nilikwenda na wajukuu wa dada yangu kwenye bustani moja ya michezo hapa Dar es Salaam. Uwanja wake wa kati ulikuwa umetoka kupanuliwa, vitofali vya pevingi vinang'aa, na mpaka saa tisa alasiri watoto walikuwa wametawanyika vizuri. Wengine walikuwa kwenye bembea, wengine kwenye treni, wengine wamemzunguka muuza ubuyu. Kina mama wameketi kwenye mikeka na sahani zao za pilau. Ndipo mshereheshaji akatangaza kwenye spika kwamba zawadi zitagawiwa jukwaani saa kumi kamili, atakayechelewa asimlaumu mtu. Kufumba na kufumbua uwanja mzima ukawa vichwa vya watoto. Mdogo kuliko wote, ana miaka sita, aliponyoka mkononi mwangu. Tulimkuta chini ya jukwaa analia, kiatu kimoja hana, mkono umechubuka. Pevingi zile zote hazikumsaidia kitu. Sentensi moja ya mtu mwenye kipaza sauti ilikuwa imeshaushinda upana wote ule. Zawadi zingeweza kugawiwa kidogo kidogo mchana kutwa, kwenye meza tano, kila moja pembe yake, na mtoto yule angerudi nyumbani na viatu vyote viwili.

Anayedhani nakuza jambo dogo akumbuke Machi 21, 2021. Watu walifurika Uwanja wa Uhuru hapa Dar es Salaam kumuaga marehemu Rais Magufuli, na baadaye polisi walitangaza vifo vya watu 45, wakiwamo watano wa familia moja. Uwanja wa Uhuru ni kiwanja cha mpira chenye majukwaa, hakuna anayeweza kuuita kichochoro. Lakini nusu ya mji ilitaka kupita mbele ya jeneza lilelile kabla halijaondoka, malango yakazidiwa, wengine wakajaribu kupitia ukutani. Na miaka mingi kabla ya hapo, Oktoba 1, 2008, Sikukuu ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko mjini Tabora, ukumbi uliojazwa kupita uwezo wake. Hata ukumbi ule ungekuwa mara mbili, asiyehesabu watoto mlangoni angeingiza mara mbili. Yanaponijia majina haya mawili, Uhuru na Tabora, siwezi kumsikiliza kwa utulivu mtu anayeniambia suala ni mita za mraba.

Na miti inayokatwa kupisha upanuzi je? Kila mradi wa kupendezesha mji huanza na msumeno. Mwembe uliochukua miaka arobaini kukua unaangushwa asubuhi moja, mahali pake inamwagwa zege, na mwisho wa mwaka tunaambiwa mji una joto. Tazama uwanja wowote mpana usio na mti saa saba mchana: katikati hakuna hata paka. Watu wote wamebanana pembeni, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta. Huo nao ni msongamano, na umeletwa na upanuzi wenyewe. Hao wanaokata miti hawamuulizi mama mwenye mtoto mgongoni atakaa wapi.

Turudi kwenye kuhesabu watu mlangoni, na kwa hilo twende Japani. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa Aprili 1983, ina uwanja mkubwa mbele ya kasri, na watu waliujaza hivyohivyo, wametandika vitambaa chini kuusubiri msafara. Oriental Land, kampuni inayoiendesha pamoja na bustani jirani ya DisneySea, ilipokea wageni zaidi ya milioni 32 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2019. Baada ya korona ikashusha kikomo cha wageni wa siku moja na kuweka bei tofauti kwa siku tofauti. Mwaka ulioishia Machi 2024 wageni walikuwa milioni 27 na nusu hivi. Bei hizo sizipendi, kwa sababu siku ya sikukuu zinamfungia nje mtoto wa masikini kwanza. Kikomo ndicho ninachokitaka. Wenye bustani wakatae kuuza tiketi zaidi ya elfu kumi pale penye nafasi ya watu elfu kumi, hata kama foleni langoni inawatamanisha.

Halmashauri zetu zina nguvu ya kudai hayo, kwa sababu mradi wowote wa uwanja unahitaji kibali. Mwekezaji akija na mchoro wake, aulizwe ratiba ya Idi mosi na ya Desemba 26, saa kwa saa: nini kinafanyika, wapi, na kipi kingine kinaendelea upande wa pili kwa wakati huohuo. Aonyeshe milango ya kutokea, na nani atakuwa na funguo. Ataje idadi ya tiketi ambayo hataivuka, aiandike kwa wino langoni ambapo kila mzazi ataisoma. Aonyeshe ni miti ipi itabaki. Akishindwa kujibu, kibali kisitoke.