Nyota Juu ya Kibo

Msomaji mpenzi, je, umepata kuupiga picha mlima usiku? Ninyi mkaao vijijini chini ya Kilimanjaro mna mali isiyopatikana mjini, nayo ni giza. Taa za mji huzificha nyota.

Sikia basi namna ya kuanza. Mwezi unapokaribia kwisha, amka saa kumi alfajiri, maana saa hizo mara nyingi Kibo huwa wazi. Mwezi mwembamba huangaza barafu bila kuzifuta nyota.

Mwanga wa nyota ni haba, kwa hiyo kamera yahitaji muda wa kuukusanya, kama mtungi uliotegwa kwenye chemchemi ndogo. Usiishike mkononi, iweke imara juu ya jiwe au juu ya miguu mitatu. Iache wazi sekunde 15 hivi. Simu nyingi za leo nazo zaweza kazi hiyo. Usizidishe muda sana, kwani dunia yazunguka nyuzi 15 kila saa, na nyota zitatoka kama mistari.

Kwa nini kujisumbua hivi? Kwa sababu barafu ya Kibo yapungua. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 imekwisha toweka. Huenda wajukuu zako wasiione. Basi picha yako ya kwanza, hata ikiwa na giza kidogo, usiitupe. Isafishwe, iandikwe tarehe nyuma yake, ikae pamoja na picha za arusi na za ubatizo.