Mashariki mwa Congo: kusomea uuguzi wa mifugo bila kuacha kazi, kwa masharti gani?

Katika vijiji vingi vya Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, ng'ombe ao mbuzi akigonjwa, mtu wa kwanza kuitwa si daktari wa mifugo. Ni kijana wa pale pale mwenye kujua kuchoma sindano, ao muuzaji wa farmasi ya mifugo. Watu wanamwita veterinere, hata kama hana diploma yoyote. Wengi kati yao wangependa kusoma ili wapate karatasi yenye kutambulika. Lakini masomo yanaomba mtu aache kazi, ahame kwao, na alipe minervali miaka mingi. Je, mtu anaweza kusomea kazi hii pole pole, huku anaendelea kutafuta mkate wa watoto? Inawezekana. Ila kuna sehemu moja ya masomo haya isiyoweza kupunguzwa, na ni hiyo yenye kusahauliwa mara nyingi.

Kazi yenyewe ni gani?

Muuguzi wa mifugo anafanya kwa wanyama kazi yenye infirmier anafanya kwa watu. Hachukui nafasi ya daktari. Anapima joto, anasafisha kidonda, anatoa dawa yenye kuandikwa na daktari, anasaidia mnyama kuzaa, anatunza chanjo kwenye baridi ya digri 2 hadi 8, na anaandika kila kitu kwenye daftari.

Shirika la Afya ya Wanyama Duniani (WOAH, lililoitwa zamani OIE) lilitoa mwaka 2018 mwongozo juu ya ujuzi wa wasaidizi hawa wa daktari wa mifugo. Linawagawa katika makundi matatu: wenye kushughulikia afya ya wanyama, wenye kulinda afya ya watu kwa kukagua nyama na maziwa, na wenye kazi ya maabara. Kwa wote, shirika hilo linaweka mambo mawili ya lazima. Kwanza, kazi zenye msaidizi anaruhusiwa kufanya zijulikane wazi. Pili, kuwe daktari mwenye kumwongoza na kujibika kwa kazi hizo. Masharti haya mawili ndiyo yanatenganisha muuguzi na mchoma sindano wa mtaani.

Kosa la mtu mmoja linafika mbali

Ubaya wa kufanya kazi hii bila masomo hauishii kwa mnyama. Mwezi Aprili 2025, viboko karibu 50 walikufa ndani ya hifadhi ya Virunga juu ya kimeta, ugonjwa wenye wengi wanaita charbon. Ugonjwa huu unashika ng'ombe, mbuzi na watu pia. Mtu mwenye kufundishwa anajua kwamba mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, mwenye kutokwa damu puani ao kwenye njia ya haja, haupasuliwi hata kidogo. Ukipasuliwa, vijidudu vinakutana na hewa na vinageuka mbegu ngumu zenye kukaa ardhini miaka mingi. Asiyefundishwa anachukua kisu ili aone mnyama alikufa juu ya nini, kiisha nyama inagawiwa.

Mfano mwingine ni homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu hauna dawa. Lakini ukiingia kwenye kijiji, mchoma sindano anaitwa nyumba kwa nyumba, na anachoma antibiotiki kwa sindano moja. Mfugaji anapoteza feza, na sindano ile ile inapeleka virusi kutoka kwenye banda moja mpaka lingine. Aliyekuja kama msaada amekuwa njia ya ugonjwa.

Kuna pia maziwa. Chupa ya antibiotiki inaandikwa siku ngapi mtu asinywe maziwa ya ng'ombe aliyechomwa. Kama hakuna wa kumweleza mfugaji, maziwa yanaenda sokoni asubuhi inayofuata.

Njia zenye kuwa leo

Njia ya kwanza ni shule. Baada ya miaka 8 ya elimu ya msingi, kijana anaingia humanités techniques, option vétérinaire, anasoma miaka 4 na anafanya Examen d'État. Akipita anakuwa A2. Mwenye kutaka udaktari anaendelea kwenye chuo kikuu, kama kile cha Lubumbashi ao Université Catholique du Graben pale Butembo. Njia hii ni nzuri, lakini inafaa kijana mwenye wazazi wa kumlipia. Elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 inahusu shule za msingi za serikali tu. Mama mwenye mtoto mgongoni na nguruwe watatu nyumbani hawezi kukaa darasani kila siku miaka 4, na mara nyingi ni yeye mwenye kuchunga mifugo midogo ya familia.

Njia ya pili ni ya wale wenye kujisomea wenyewe, autodidactes. Examen d'État inawapokea kiisha kupita mtihani wa awali. Kwa mtu mwenye kazi, mlango huu ni wa maana. Lakini kwa kazi ya mikono, kujisomea peke yake hakutoshi. Kitabu hakionyeshi ginsi ya kumshika ng'ombe mwenye hofu.

Njia ya tatu ni mafunzo mafupi ya mashirika: siku chache ao majuma machache, na mwisho attestation ya kuhudhuria. Yamesaidia vijiji vingi wakati wa chanjo. Hata hivi, karatasi ile inasema tu kwamba mtu alikuwa pale. Wamoja wanaitundika ukutani kama diploma, na wafugaji hawajui tofauti.

Juu ya hayo yote kuna vita. Mikoa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri iliwekwa chini ya état de siège tangu Mei 2021. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifunga milango katika miji hiyo miwili. Mwanafunzi mwenye kuanza mwaka wa masomo mahali pamoja anaweza kuumaliza kwenye kambi ya wakimbizi. Kwa hiyo masomo yenye kupangwa kwa vipande si starehe ya watu wa mjini. Yanamsaidia mtu asipoteze yote barabara ikifungwa.

Inchi zingine zinafanya je?

Uingereza, mtu anaweza kuwa muuguzi wa wanyama huku ameajiriwa kwenye kliniki. Anajiandikisha kwenye chuo, anasoma siku moja kwa juma ao kupitia intaneti, na siku zingine anafanya kazi. Kliniki lazima iwe imekubaliwa kwa mafunzo. Kila ujuzi, kuanzia kufunga kidonda mpaka kumlinda mnyama mwenye kulazwa usingizi wa upasuaji, unaandikwa kwenye daftari na kuthibitishwa na mtu wa kliniki mwenye jukumu hilo. Saa za kazi zinahesabiwa. Mwisho kuna mtihani, kiisha jina linaingia kwenye orodha ya taifa.

Karibu zaidi, Tanzania iko na Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA), wenye kampasi kama Tengeru, Mpwapwa na Morogoro. Masomo yake ya afya ya mifugo yamegawanywa kwa moduli, kutoka astashahada mpaka stashahada. Na shirika la VETA la inchi hiyo linapima mafundi waliojifunza mtaani, kama seremala na mwashi, na kuwapa cheti cha ujuzi wao. Kwa mafundi hao, swali si "ulisoma wapi?" bali "unajua kufanya nini, na nani alikuona ukifanya?"

Nini inaweza kusogezwa, nini haiwezi

Mambo ya kichwa yanaweza kumfuata mtu popote. Majina ya viungo, dalili za magonjwa, usafi na hesabu ya dawa vinaweza kusomwa usiku kwenye simu, kwa sauti yenye kurekodiwa, ao kwa redio. Mwaka 2020, wakati Covid ilifunga shule, redio zilirusha masomo na watoto walifuata.

Hesabu peke yake ingeokoa mengi. Kama chupa inasema mililita 1 kwa kilo 10, ng'ombe wa kilo 200 anapaswa kupata mililita 20. Mwenye kukadiria kwa macho akasema kilo 120, anachoma 12. Ugonjwa hauishi, vijidudu vinazoea dawa, na mfugaji anarudi kununua chupa ingine.

Sehemu ya mikono ndiyo haisogezwi. Mtu anapaswa kuchoma, kushona, kuzalisha na kuchanja mara nyingi, mbele ya mwenye kujua, mpaka mkono uzoee. Hapa ndipo mashariki mwa Congo kuna jambo la ajabu: kazi ya mikono iko nyingi kuliko masomo. Vijana wanaifanya kila siku, ila hakuna mwenye kuiandika wala kuisaini.

Shida kubwa basi ni msimamizi. Madaktari wa mifugo ni wachache na wengi wanakaa mijini. Lakini siku ya soko la mifugo wanyama na wafugaji wanakutana mahali pamoja, na daktari mmoja angeweza kusimamia wanafunzi kumi pale kuliko kuwafuata kumi vijijini. Kampeni za chanjo za Inspection ya kilimo, uvuvi na ufugaji (IPAPEL) zingeweza pia kuhesabiwa kama staji. Muda wa daktari unalipwa, na vyama vya wafugaji vinaweza kuchangia, sababu wao ndio wenye kupoteza mnyama akitunzwa vibaya.

Wenye A2 wanaweza kuona njia hii kama dharau kwa miaka yao 4. Hofu yao iko na maana. Dawa yake ni mtihani mmoja kwa wote: njia ziwe tofauti, lakini kipimo cha mwisho kisipungue. Sheria ya Februari 2014 juu ya elimu ya taifa inatambua elimu rasmi na elimu isiyo rasmi. Mlango uko, kinachobaki ni wakubwa wa elimu na wa ufugaji kukaa meza moja.

Kabla ya kulipa

Mwenye kuitiwa masomo ya namna hii aulize mambo manne kabla ya kutoa feza yake. Karatasi ya mwisho inaitwa nani, inasainiwa na nani, na kituo kiko na ruhusa namba gani? Staji ni saa ngapi, na kwa wanyama gani? Daktari gani anajibika? Na kama usalama ukiharibika katikati, masomo yaliyokwisha yatahesabiwa mahali pengine?

Kituo chenye kushindwa kujibu swali la pili na la tatu kinauza karatasi tu. Na mfugaji naye yuko na haki ya kumuuliza mwenye kuja na sindano: nani alikufundisha, na nani anakusimamia?