Wanyama Hawana pa Kuhamia

Mradi ukipangwa kando ya mto, uwe bwawa, shamba la miwa au viwanja vya makazi, kuna kauli inayozima maswali kabla hayajaulizwa: wanyama watahama. Mwekezaji huisema, diwani huirudia, na hata mwananchi anayesubiri fidia huiitikia. Kauli hiyo si kweli, na Watanzania tulipaswa kuwa wa kwanza kuikataa, kwa sababu tunayo Kihansi.

Korongo la Mto Kihansi liko kwenye miteremko ya Udzungwa. Maji yalipokuwa yakiporomoka pale yalirusha manyunyu usiku na mchana, masika na kiangazi, yakilowesha vipande vichache vya nyasi ambavyo ukiviunganisha vyote unapata kama hekta 2 tu. Humo aliishi chura wa rangi ya dhahabu, ambaye hata akikomaa hafiki sentimita 3. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea. Jike huzaa vitoto vilivyokamilika, vyenye miguu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi. Duniani kote hakuwa na makao mengine ya asili yanayojulikana.

Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa megawati 180, uliofadhiliwa kwa sehemu na Benki ya Dunia, ulikuwa umeshaanza kujengwa. Tathmini ya awali haikumwona. Mitambo ilipowashwa, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yaliingizwa kwenye handaki, manyunyu yakakatika na magugu yakavamia. Chura hakuhama. Angehamia wapi, naye ngozi yake ilihitaji unyevu uliokuwa hapo tu?

Kilichofuata ni mbio za kuokoa. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani wakatunzwe kwenye bustani za wanyama. Korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji, kuiga kazi ambayo mto ulikuwa ukiifanya bure. Mwaka 2003 waliobaki wakafa kwa kasi, na ugonjwa wa fangasi unaoua vyura ukagundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ametoweka porini. Vizazi vya wale waliopelekwa ng'ambo vilianza kurejeshwa korongoni mwaka 2012.

Wapo wanaokisimulia kisa hiki kumlaumu chura: kiumbe kidogo kimeitia nchi hasara. Naikataa hoja hiyo kwa nguvu zangu zote. Sipingi umeme wa Kihansi. Nchi iliuhitaji na bado inauhitaji. Lakini kama chura angejulikana kabla michoro haijapitishwa, kiasi cha maji ya kumwachia kingepigiwa hesabu pamoja na ukubwa wa mitambo. Hasara ilitokana na kwenda kuangalia wakati zege limeshamwagwa.

Na tusijidanganye kwamba Kihansi ni kisa cha pekee. Wanyama wengi wa mtoni huishi kwenye ukanda mwembamba sana. Nchini Kenya, mbega wekundu na mangabei wa Mto Tana wanategemea misitu ya kingo za mto kwenye sehemu ya chini yenye urefu wa kama kilomita 60 tu. Ukitoka nje ya msitu huo unakutana na nyika kavu isiyowafaa. Ukifyeka kipande katikati, walio kaskazini na walio kusini hawakutani tena kirahisi. Na mnyama anayeweza kuhama, kama kiboko, huhamia kwenye mpunga wa mtu, halafu anaitwa askari wa wanyamapori aje na bunduki.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi kuanza, na inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Tatizo ni tathmini yenyewe inavyofanywa. Mtaalamu anayefika mwezi Septemba, saa nne asubuhi, ataona majani makavu na vumbi, naye ataandika kwa moyo safi kwamba hapana kitu. Lakini mvua zikishika, kambale hupanda kwenye nyasi hizo hizo zilizofurika wakatage mayai. Vyura wengi huita usiku, na wengine huita majuma machache tu kwa mwaka. Mvuvi wa pale anayajua haya tangu utotoni, ila mara nyingi anayeulizwa ni mwenyekiti wa kijiji peke yake.

Kwa hiyo wataalamu waangalie mwaka mzima, kiangazi na masika. Nitaambiwa kwamba huo ni muda mrefu. Mkopo wa bwawa hulipwa kwa miongo, na nyumba hujengwa ili wajukuu waikute. Mwaka mmoja tunaweza kuumudu.

Basi kila ripoti ya mradi wa kando ya mto ionyeshe tarehe na saa ambazo wataalamu walikuwa majini, na isomwe kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji kabla vigingi havijapigwa, wavuvi wakiwapo. Isiyo na hata usiku mmoja wa masika irudishwe kwa mwandishi wake, na greda lisubiri.