Ndoa Haingoji Ukumbi

Katika parokia zetu za Mwanza, kuanzia mjini hadi mialo ya Igombe na Kayenze, wapo wachumba walio huru kuoana ambao wanaishi pamoja miaka mingi wakisubiri michango ya harusi itimie. Watoto wanazaliwa, na wazazi wao hawapokei Komunyo.

Tulitazame adhimisho lenyewe. Baada ya Injili na mahubiri, padre anawauliza kama wamekuja kwa hiari, kama watapendana na kuheshimiana maisha yote, kama watawapokea watoto kwa upendo. Kisha wanashikana mikono ya kuume na kupeana ridhaa. Hapo ndoa imefungwa. Pete hufuata kama alama ya uaminifu. Kanuni ya 1057 ya Sheria ya Kanisa yasema ridhaa ndiyo inayofanya ndoa. Wahudumu wa sakramenti ni maarusi wenyewe. Padre huipokea ridhaa yao kwa jina la Kanisa, mbele ya mashahidi wawili.

Ukumbi na keki havimo. Sherehe ni njema, hata Kana walisherehekea. Lakini kamati ya harusi isiwe kizuizi ambacho Kanisa halikukiweka. Wachumba, mwoneni paroko, anzeni mafundisho. Nasi ndugu, tusiwacheke watakaotoka kanisani kwenda kula ugali na sato nyumbani.